Pado za Gia za Kujitengenezea: Gemu Inaona Kitufe, Kidole Kinahisi Sumaku

Usukani wa gemu wa bei nafuu unaweza kuwa na kila kizuri, kisha ukakuangusha kwenye gia. Chukua Driving Force GT ya Logitech, iliyotoka mwaka 2007 na ambayo bado inapatikana kama mtumba. Inazunguka nyuzi 900, ina mota ya kukurudishia nguvu mkononi gari linapoteleza, lakini gia yake kuu ni kijiti kifupi cha kusukuma na kuvuta kilichokaa ubavuni. Upo katikati ya kona, usukani unashindana nawe, na bado inakubidi uuachie mkono mmoja ili ushushe gia. Sukani nyingine za bei hiyo zina vibonye vidogo vya plastiki ambavyo kidole huvitafuta kwa kupapasa.

Ndiyo maana watu hujitengenezea pado za gia, yaani zile ndimi mbili zinazokaa nyuma ya usukani: ya kulia unaivuta kupandisha gia, ya kushoto kuishusha. Kazi yenyewe haihitaji karakana. Msumeno wa chuma, tupa, drili, kifaa cha kulehemu na mita ya umeme vinatosha. Kinachowakwamisha wengi ni kuchanganya mambo mawili yasiyohusiana: pado inavyohisiwa kidoleni, na ishara ya gia inavyofika kwenye gemu. Ukiyatenganisha tangu mwanzo, kila moja linakuwa jepesi. Ukiyaacha yamefungamana, utabadilisha swichi kila mara ukidhani swichi ndiyo mbovu.

Pado ilizaliwa kwa ajili ya kubana nafasi. John Barnard, mhandisi Mwingereza aliyekuwa Ferrari, alitaka gari la Formula 1 lenye chumba chembamba cha dereva, na kijiti cha gia pamoja na vyuma vyake vilikuwa vinakula nafasi. Kwenye Ferrari 640 ya mwaka 1989 akaweka ndimi mbili nyuma ya usukani, zisizofungwa kwenye giaboksi kwa chuma chochote. Dereva alibonyeza swichi tu, na kazi ya kusukuma gia ikafanywa na haidroliki inayoongozwa na kompyuta. Nigel Mansell alishinda nalo mbio ya kwanza kabisa ya msimu, Brazil, mwezi Machi. Baadaye gari likawa linafia njiani mara kwa mara na giaboksi ikabeba lawama, ilhali chanzo kikubwa kilikuwa umeme: mkanda wa alteneta ulikuwa unachomoka, na giaboksi ya namna ile ikikosa umeme haina la kufanya. Tangu siku ya kwanza, basi, pado ni swichi yenye mpini mrefu, na ikigoma, pa kuanzia kuchunguza ni kwenye umeme.

Ishara inavyosafiri

Ndani ya usukani kuna bodi yenye kichakato kidogo kinachosoma vitufe vyote, kisha kinaieleza kompyuta kupitia USB: kitufe cha 5 kimebonyezwa, kitufe cha 5 kimeachiwa. Gemu haijui kama kitufe hicho ni cha mviringo, cha mpira, au ni ulimi wa alumini wenye urefu wa sentimita 10. Inachopata ni namba. Kwa hiyo una njia mbili tu za kuingiza pado zako: kuziunganisha na vitufe vilivyomo tayari, au kuzipa bodi yake ndogo inayojitambulisha kwa kompyuta kama kifaa kingine cha gemu.

Njia ya kwanza ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayeanza. Kila kitufe kina ncha mbili, na kubonyeza ni kuzigusanisha. Kwenye sukani nyingi, ncha moja imeshikwa kwenye volti chache za umeme kupitia rizista, mara nyingi ya kilo-ohm 10, na nyingine imekwenda graundi, yaani upande wa umeme wa volti sifuri. Kitufe kikiwa huru, kichakato kinasoma umeme upo. Kikibonyezwa, umeme unakimbilia graundi na kichakato kinasoma sifuri. Rizista ipo ili wakati huo usipite umeme mwingi: volti 5 juu ya kilo-ohm 10 ni nusu ya miliampia. Ukilehemu waya mbili kwenye ncha za kitufe kilekile na kuzipeleka kwenye swichi ya pado, swichi mbili sasa zinafanya kazi sambamba. Yoyote ikifunga, kichakato kinaona jambo lilelile. Hakuna programu ya kuandika, na kitufe cha asili hakifi.

Hapa pana mtego mmoja ambao umewapotezea watu wengi jioni nzima. Mtu anaona pado mbili, anafikiri waya tatu zinatosha: moja ya kulia, moja ya kushoto, na graundi moja ya pamoja. Kwenye baadhi ya sukani ni sawa. Kwenye nyingine vitufe vimepangwa kwa safu na mistari ili kuokoa pini za kichakato, na upande unaoudhani ni graundi ya wote kumbe ni mstari wa kitufe kimoja tu. Ukiviunganisha, kuvuta pado ya kulia kunapiga honi na kubadili kamera kwa pamoja. Pima kwa mita kabla ya kulehemu: chomoa umeme wote, weka mita kwenye mlio, gusa ncha ya kitufe cha kwanza na ncha ya kitufe cha pili. Ikilia, zimeungana na waya mmoja unatosha. Isipolia, peleka waya mbili kwa kila pado na uhakikishe hazigusani popote, hata kupitia alumini ya pado zenyewe.

Jambo la pili ni vitufe vya mpira. Chini ya mpira kuna kidonge cheusi cha kaboni, na kwenye bodi kuna vidole viwili vyeusi vilivyopishana kama meno ya chanuo. Risasi ya kulehemu haishiki kwenye kaboni hata uipashe vipi, na ukizidisha moto utaibandua. Fuata mstari wa shaba unaotoka kwenye vile vidole, sogea milimita chache, kwangua rangi ya kijani kwa ncha ya wembe mpaka shaba ing'ae, paka risasi kidogo, ndipo ushikishe waya. Kisha bandika waya huo kwenye bodi kwa tone la gundi, kwa sababu mstari wa shaba ni mwembamba na mvuto mdogo tu unaung'oa.

Njia ya pili, ya bodi ya pekee, inafaa pale usipotaka kufungua usukani. Arduino Leonardo na Pro Micro zimejengwa juu ya kichakato cha ATmega32U4, ambacho kina USB yake ndani, kwa hiyo zinaweza kujitambulisha kama kifaa cha gemu. Arduino Uno ya toleo la R3, ambayo ndiyo watu wengi wanayo, haina uwezo huo moja kwa moja, na ni vyema kulijua hilo kabla ya kuanza kuhangaika na programu. Unaunganisha kila pado kati ya pini na graundi, unawasha rizista iliyomo ndani ya kichakato, na kompyuta inaona kifaa kipya chenye vitufe viwili.

Lakini njia hii ni ya kompyuta. PlayStation 4, PlayStation 5 na Xbox za kisasa hudai vifaa vilivyoidhinishwa, na bodi yako ya Arduino haitambuliwi. Ukicheza kwenye konsoli, rudi kwenye njia ya kwanza, kwa sababu hapo anayezungumza na konsoli bado ni usukani wenyewe.

Kidole kinataka nini

Sasa tuje kwenye sehemu inayotofautisha pado ya kufurahisha na kipande cha bati kinachobonyeza swichi. Wengi huanza na springi. Springi hufanya kazi, lakini tabia yake ni kinyume cha unachokitaka: mwanzoni inavutika kirahisi, na kadiri unavyoivuta ndivyo inavyokuwa ngumu. Kidole hakijui gia imeingia saa ngapi. Unavuta mpaka mwisho kwa kuhofia, kisha unaangalia kioo kuona kama namba ya gia imebadilika.

Sumaku inafanya kinyume. Weka sumaku kwenye fremu na kipande cha chuma, au sumaku nyingine, nyuma ya pado, vikiwa vimeshikana pado ikiwa imetulia. Nguvu ya sumaku ni kubwa kabisa pale vinapogusana, na hushuka haraka mno vinapoachana. Sumaku ndogo ya neodimiamu yenye upana wa milimita 10 hivi hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake ndani ya milimita ya kwanza. Kwa hiyo unavuta, pado inagoma, inagoma, kisha inaachia ghafla na kwenda yenyewe mpaka mwisho kwa mlio wa tak. Kidole kimepata habari yote: kabla ya tak, gia haijaingia, na baada ya tak, imeingia. Ukiachia, sumaku inairudisha pado mahali pake bila springi yoyote, mradi mwendo uwe mfupi kiasi cha sumaku kuweza kuifikia tena.

Ni kiasi gani cha nguvu? Hapa hesabu ya wenzo inakusaidia kuliko kubahatisha. Tuseme bawaba ya pado ipo upande mmoja, kidole kinavuta umbali wa milimita 60 kutoka kwenye bawaba, na sumaku ipo umbali wa milimita 20. Sumaku ikishika kwa nguvu ya niutoni 12, kidole kitahitaji theluthi moja ya hiyo, niutoni 4, karibu sawa na kuinua gramu 400. Mimi naiona nguvu hiyo inapendeza kwa mbio za saa nzima. Ukitaka iwe nzito zaidi, sogeza sumaku mbali na bawaba. Ukitaka iwe nyepesi, isogeze karibu. Na ukitaka marekebisho madogo, bandika vipande vya utepe wa karatasi juu ya sumaku, kimoja baada ya kingine. Kila tabaka linaongeza nafasi kidogo na kupunguza mshiko, mpaka pado ya kulia na ya kushoto zivutike sawasawa. Mtu anayetumia skrubu kama upande wa chuma ana raha zaidi, kwa kuwa anaizungusha tu ikaribie au iiepuke sumaku.

Sumaku hizi hupatikana bila gharama ndani ya diski kuu zilizokufa za kompyuta, ingawa zile ni zenye umbo la upinde na nguvu nyingi kupita kiasi, hivyo zinahitaji nafasi pana. Ziweke mbali na watoto kwa uangalifu mkubwa. Mtoto akimeza mbili, hutafutana ndani ya utumbo na kuubana ukuta wake, na hilo hupelekea upasuaji. Vilevile, kama usukani wako unapima mzunguko kwa kihisi cha sumaku, kama T300 ya Thrustmaster, usizipeleke karibu na kitovu chake.

Swichi mahali pake

Pado ikishakuwa na hisia yake, swichi haina tena kazi ya kumpa mtu hisia. Kazi yake ni kufunga na kufungua. Zile swichi ndogo zilizo ndani ya kipanya kibovu cha kompyuta zinafaa sana, na nyingi zina miguu mitatu: mmoja wa pamoja, mmoja unaofunga swichi ikibonyezwa, mmoja unaofungua. Tumia wa pamoja na ule unaofunga. Mita itakuonyesha upi ni upi.

Pa kuiweka ni hesabu ileile. Kidole kikitembea milimita 8 kwa umbali wa milimita 60, basi mahali palipo milimita 15 kutoka bawaba pado inatembea milimita 2. Swichi ya kipanya inahitaji chini ya hapo ili ifunge, kwa hiyo utakuwa na akiba. Ipange ifunge mara tu baada ya sumaku kuachia, katikati ya safari, na isifunge kabla. Ikifunga kabla ya tak, gia itabadilika ukiwa umepumzisha kidole tu. Ikifunga mwisho kabisa, utakosa gia kila ukivuta kwa haraka.

Na kuna kanuni moja ambayo singeivunja hata nikiwa na haraka: pado isimame kwenye kizuizi kigumu, kamwe isisimame kwenye swichi. Mtu anayecheza kwa hamasa huvuta pado kwa nguvu kubwa kuliko inayohitajika mara kumi. Nguvu hiyo yote ikiishia kwenye kidude cha plastiki chenye upana wa milimita chache, kitapasuka. Weka skrubu, kipande cha mpira au ukingo wa fremu upokee kishindo, na swichi iguswe kwa upole njiani.

Upo ugonjwa mmoja utakaokupata hata ukifanya yote sawa, na ndio unaowafanya watu watupe swichi nzima. Umevuta pado mara moja, gemu imeruka gia mbili. Ndani ya swichi kuna vipande viwili vya chuma vinavyogongana, na vyuma vikigongana hudunda. Kwa milisekunde chache mguso unafunga, unafungua, unafunga tena, kabla ya kutulia. Wewe husikii, lakini kichakato kinachosoma mara maelfu kwa sekunde kinaona mivuto kadhaa. Ukiwa umeunganisha kwenye kitufe cha asili, bodi ya usukani kwa kawaida tayari ina programu ya kungoja mguso utulie. Ukiwa na bodi yako mwenyewe, ni jukumu lako: ukiona mabadiliko, yakubali, kisha puuza chochote kinachofuata kwa milisekunde 5 mpaka 20. Hakuna mwanadamu anayeweza kuvuta pado mara mbili ndani ya muda huo. Ukihofia programu, kihisi cha Hall cha aina ya A3144 kinasoma sumaku bila vyuma kugusana, na udundaji wa vyuma haupo kabisa.

Waya kwenye kitu kinachozunguka

Usukani wa nyuzi 900 huzunguka raundi mbili na nusu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, yaani raundi moja na robo kila upande ukianzia katikati. Waya unaotoka kwenye pado zilizofungwa kwenye mviringo wa usukani lazima ustahimili hayo, maelfu ya mara. Ukitumia njia ya kwanza na bodi ya vitufe ipo ndani ya usukani wenyewe, tatizo limekwisha, maana waya hazitoki kwenye sehemu inayozunguka. Vinginevyo, waya wa kusokota wa mkono wa simu ya mezani unafaa sana. Tumia waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, kwa kuwa waya wa uzi mmoja hukatika ndani kwa ndani huku ngozi yake ikiwa nzima, na utatafuta hitilafu hiyo mpaka uchoke. Kumbuka pia kwamba sukani nyingi zenye mota hujizungusha zenyewe hadi pande zote mbili zinapowashwa. Zungusha kwa mkono kwanza, umeme ukiwa umezimwa, uone waya unakwenda wapi.

Njia ya kuepuka yote haya ni kufunga pado kwenye mwili wa usukani, zisizunguke kabisa, kama zilivyo kwenye magari mengi ya Ferrari na Lamborghini ya barabarani. Pado zinatakiwa ziwe ndefu zaidi ili vidole vizipate hata mikono ikiwa imegeuka. Kwa kona ndefu za usukani mwingi ni njia nzuri kabisa. Kwa gari la Formula 1, ambapo mikono haiachii usukani na mzunguko ni mdogo, ziache zifuate usukani.

Kuhusu malighafi sina mengi. Alumini ya milimita 2 hadi 3 inakatika kirahisi na haipindi. Plaiwudi nyembamba iliyopigwa msasa ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Bomba la PVC lililopasuliwa, likapashwa moto na kubanwa kati ya mbao mbili, linatoa bamba safi, ila lipashe moto nje penye hewa, maana PVC ikiungua hutoa gesi mbaya. Bawaba ndogo ya kabati inatosha mradi haichezi. Ikicheza hata kidogo, swichi haitaguswa mahali palepale kila mara.

Kabla hujakata alumini, hata hivyo, jiulize unaendesha nini. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha, magari ya daraja la juu yalikuwa na pado, na Sébastien Ogier akashinda kwa Toyota Yaris WRC. Mwaka uliofuata kanuni mpya za daraja hilo, ziitwazo Rally1, ziliziondoa, magari yakarudi kwenye mkono wa gia wa kuvuta na kusukuma, na Kalle Rovanperä akashinda kwa mkono huo. Anayependa rali za kisasa, kile kijiti cha ubavuni cha Driving Force GT kiko karibu zaidi na gari halisi kuliko pado yoyote utakayoichonga.

Ukishafunga kila kitu, usikimbilie gemu. Kwenye Windows andika joy.cpl kwenye kisanduku cha kutafuta, fungua dirisha la vifaa vya gemu, na uangalie taa za vitufe. Vuta pado polepole kabisa: taa iwake baada ya tak, mara moja, na izime ukiachia. Vuta haraka uwezavyo, mara nyingi mfululizo. Kisha zungusha usukani hadi mwisho wa kulia na uvute zote mbili, halafu mwisho wa kushoto, huku ukitikisa waya kwa mkono mwingine. Taa ikipepesa hata mara moja katika kutikisa huko, kuna mahali risasi haijashika vizuri, na ni afadhali upatafute sasa kabla hujafunga skrubu za mwisho.